Wanafunzi Wenye Mvi

Dominika moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja alitungojea mlangoni pa kanisa. Ni muuguzi wa daraja la A2, anafanya kazi katika kituo cha afya pembeni ya mji wetu wa Bunia, na watoto wake wawili wamekwisha kupata Komunyo ya kwanza mikononi mwetu. Alikuwa na karatasi ya tangazo katika mkoba. Chuo fulani kilitangaza masomo ya jioni kwa wafanyakazi: muuguzi wa A2 aweza kupanda A1 bila kuacha kazi yake.

"Mwalimu," alituuliza, "mimi nina miaka arobaini na moja. Papa watoto amekubali tuuze ng'ombe. Niingie, nisiingie?"

Tulimwomba atupe muda. Si kwamba tulikosa la kusema, bali tulikuwa na mengi mno ya kusema, na mengine yalikuwa ya uchungu. Maana sisi pia tulikaa katika viti vya namna hiyo. Basi tumeona yafaa kuandika hapa yale tunayoyafikiri juu ya masomo ambayo vyuo vikuu huwatolea watu wazima, kwa kuwa mama yule si peke yake. Katika kila mtaa wa Bunia, kuanzia Mudzi Pela mpaka Nyakasanza, utakuta mwalimu, muuguzi, karani au askari aliyefunga daftari katika mfuko wa plastiki, akienda darasani saa ambayo wenzake wanarudi nyumbani.

Tuanze na lililo jema. Mji wetu leo una Chuo Kikuu cha Bunia, una Chuo Kikuu Shalom kilichotokana na chuo cha teolojia cha ndugu zetu Waprotestanti, una chuo cha ualimu na vyuo vya uuguzi. Wazee wetu hawakuwa na hata kimoja cha namna hiyo. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache mno, hata hawakufika hamsini. Mtu wa Ituri aliyetaka masomo ya juu alikuwa na mlango wa seminari tu, au basi. Kwa hiyo anayedharau vyuo vilivyo karibu nasi hajui tumetoka wapi.

Lakini kuwa karibu si kuwa vizuri. Duka lililo karibu laweza kuuza unga wenye wadudu.

Tuseme tuliyoyaona wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulijiandikisha katika masomo ya jioni ya ualimu, mahali ambapo hatutapataja. Tangazo lilisema: kuanzia saa kumi alasiri mpaka saa mbili za usiku. Tulilipa sehemu ya kwanza ya ada, tukanunua daftari. Miezi miwili ikapita, mara mwalimu yupo, mara hayupo. Kisha siku moja tukaambiwa profesa ametoka mbali kwa ndege, naye atafundisha somo zima la saa 45, na ndege yake ya kurudi ni Jumatatu ijayo. Basi akafundisha siku sita, asubuhi mpaka jioni. Alikuwa mtu mwenye elimu nyingi, wala hatumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka kuliko sisi, maana alitoka mji mmoja akielekea mwingine akiwa na somo lilelile. Lakini somo lenyewe liliitwa namna ya kufundisha. Na katika siku hizo sita watoto wetu wa darasa la tano walikaa bila mwalimu, ili mwalimu wao ajifunze namna ya kufundisha.

Jambo hili latufanya tucheke, tena latufanya tuone haya. Siku ya pili ya juma hilo tulipita mbele ya shule tukiwa na daftari kwapani, na watoto wakatuona. Walidhani tunaingia. Wakakimbia kujipanga mistari.

Kosa la namna hii halikuanza kwetu, na dawa yake ilikwisha kujulikana zamani, tena kwa jirani zetu. Mwaka 1953 chuo cha Makerere, huko Uganda, kilianzisha idara ya kuwafundisha watu wazima walio nje ya chuo. Hawakutegemea mwalimu wa kuja na kuondoka. Waliweka walimu wakaazi, ndiyo kusema mwalimu wa chuo kikuu anapewa nyumba wilayani, anakaa pale, anawajua watu wake, anafungua madarasa ya jioni na ya mwisho wa juma. Mtu akishindwa kufika kwa sababu ya mazishi au mavuno, mwalimu angalipo juma lijalo. Mwaka 1960 Makerere ilipeleka mpango huo hata Tanganyika, na huko Dar es Salaam ukakua ukawa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Twajua kwamba mwalimu mkaazi ni gharama, na barabara zetu si za kumvuta profesa ahamie Mahagi au Mambasa. Lakini nauli za ndege pia ni gharama, na siku sita zisizoacha kitu kichwani ni gharama kubwa kuliko zote. Chuo chenye walimu watatu tu wanaokaa Bunia, sisi twakithamini kuliko chuo chenye orodha ya maprofesa ishirini walio angani.

Sasa tuingie katika jambo linalotuuma zaidi. Mwanafunzi mzima hupokelewa kana kwamba ni kijana wa miaka kumi na minane aliyechelewa. Hakuna anayemwuliza: wewe umefanya nini miaka hii yote?

Katika darasa letu alikuwapo papa mmoja aliyefundisha shule ya msingi zaidi ya miaka ishirini, mingi katika vijiji vya Djugu, mpaka vita vilipomfukuza akaja kukaa na jamaa yake mjini. Katika kukimbia aliacha mbuzi na mlango wa nyumba, lakini alibeba sanduku la madaftari ya mahudhurio ya shule. Ndani yake yamo majina ya watoto, siku walizokuja na siku walizokosa, na pembeni kwa kalamu nyekundu sababu: soko, homa, risasi, kuvuna maharagwe, ameolewa. Ilipofika kazi ya mwisho wa masomo, alipewa kuandika juu ya watoto wanaoacha shule. Ungedhani amepata bahati! Kumbe aliambiwa aanze na maana ya neno shule kwa mabingwa wa Ulaya, kurasa kumi na tano, kisha historia, kisha maswali ya kugawa kwa watu. Sanduku lile halikufunguliwa. Hakuna aliyemwuliza kama analo, naye mwenyewe hakufikiri kwamba karatasi zake zingeitwa elimu. Mwishowe alichoka. Akalipa kibanda kimoja cha kupiga chapa, wakampa kazi iliyokwisha kuandikwa na mwingine, wakabadili jina la kijiji. Alipata alama nzuri.

Hatumsifu kwa kununua kazi ya mtu. Ni uwongo, naye anajua. Lakini twauliza: ni nani aliyemfundisha kwamba kazi ile ni karatasi ya kupita mlangoni tu? Yeye alikuwa na ukweli wa miaka ishirini ndani ya sanduku, na chuo kikamfundisha kununua mambo ya uwongo barabarani. Kama sisi tungekuwa wakaguzi wa masomo haya, tungeacha kwanza kutazama majengo na kompyuta. Tungeomba tuonyeshwe kazi kumi za mwisho za wanafunzi wenye kazi, tuzisome, tuone kama mmoja tu kati yao ameandika jambo ambalo yeye peke yake aliweza kuliandika.

Wako waliofanya kinyume, tena ni watu wa Kanisa letu. Huko Nova Scotia, nchi ya Kanada, kuna chuo kikuu cha Wakatoliki kiitwacho St. Francis Xavier, katika mji mdogo wa Antigonish. Mwaka 1921 padre mmoja, Jimmy Tompkins, aliandika kijitabu akidai elimu ya chuo kikuu iwafikie watu wa kawaida. Mwaka 1928 chuo kilianzisha idara ya kazi hiyo, na Padre Moses Coady akawekwa kuiongoza. Wavuvi wa pwani ile walikuwa maskini sana. Mfanyabiashara aliwakopesha nyavu na chakula, kisha akanunua samaki kwa bei aitakayo yeye. Mvuvi akafa na deni. Wavuvi wetu wa Kasenyi na Tchomia hawahitaji kuelezwa zaidi. Coady hakuwaita wavuvi waje chuoni wajiandikishe. Aliwakusanya watu, akawauliza maisha yao yakoje na yawezaje kuwa mema zaidi. Nao wakaunda vikundi vidogo vya kusoma, majirani wachache wakikaa jikoni mwa mmoja wao wakati wa usiku. Walisoma hesabu kwa sababu walitaka kujua bei ya samaki. Walisoma sheria kwa sababu walitaka kuanzisha ushirika. Katika miaka ya 1930 vikundi hivyo vikazaa vyama vya kuweka na kukopeshana, maduka ya ushirika, na viwanda vidogo vya kusindika kamba za bahari. Coady alikufa mwaka 1959, na mwaka huohuo chuo kikaanzisha taasisi yenye jina lake, ambako watu wengi wa Afrika wamekwenda kujifunza njia ile.

Tusipambe mno. Wavuvi wale hawakupata shahada, na mwalimu wetu wa Bunia anahitaji shahada, maana mshahara wa Serikali hutazama karatasi: wa D6 hapokei sawa na wa G3, wala wa G3 sawa na wa L2. Yeyote anayemwambia mwalimu mwenye watoto sita kwamba asijali karatasi, apendelee hekima, huyo anakula vizuri nyumbani kwake. Sisi twasema tu kwamba karatasi na hekima zaweza kukaa katika darasa moja, na chuo kinachotoza ada kina wajibu wa kuvileta vyote viwili.

Mfano mwingine twauleta kwa sababu ya namna ulivyopimwa. Mwaka 1973 ile Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilishiriki kuendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma kumi na mawili watu wapata milioni mbili wa Tanzania walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu vya Kiswahili chepesi juu ya malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine, wakajadiliana, kisha wakatoka kufanya kazi. Na mwisho, mafanikio yalipimwaje? Si kwa vyeti. Walikwenda kutazama nyumba zenyewe: choo kimechimbwa? Majani yamefyekwa? Maji yanachemshwa? Kipimo hiki chatupendeza kupita kiasi. Chuo kikuu kilikubali kuhesabiwa kwa mashimo ya vyoo! Tulipopata Ebola katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, mwaka 2018 mpaka 2020, na watu wengine wakawapiga mawe wauguzi kwa sababu hawakuwasadiki, tuliikumbuka kampeni ile. Elimu ile ilikuja kwa watu kabla ya gari jeupe na watu waliovaa plastiki.

Tena angalieni lugha. Watu wale walisoma kwa Kiswahili. Kwetu mwalimu huleta Kifaransa peke yake, hata pale ambapo yeye na darasa lote husema Kiswahili wakiisha kutoka mlangoni. Sisi tuliosomea seminari twakijua Kifaransa, hatuna ugomvi nacho, na muuguzi lazima asome maandiko ya dawa. Lakini tuliona mara nyingi mama mwenye akili kali akinyamaza saa nzima kwa hofu ya kukosea jinsi ya neno, halafu nje, chini ya mwembe, akaeleza somo lile kwa Kiswahili kuliko mwalimu. Mwalimu hakumsikia. Alikuwa amekwisha kuweka alama yake.

Juu ya masomo ya mbali tutasema machache. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Kina vituo katika mikoa, na mtu husoma nyumbani mwake. Kina pia mafunzo ya kumwandaa mtu ambaye cheti chake hakitoshi. Ni wazo jema, ingawa wengi hukawia kumaliza, kwani kusoma peke yako usiku baada ya kazi kunahitaji moyo wa mtawa. Hapa kwetu, kwa bei ya intaneti na kukatika kwa umeme, tungeogopa kumshauri mtu ajitupe humo bila kundi la wenzake.

Na je, asiye na Diploma ya Serikali? Kwetu mlango wa chuo kikuu ni huo. Mtu mzima aweza kwenda kufanya Mtihani wa Serikali pamoja na wale wajifunzao peke yao, na twamjua katekista mwenzetu aliyeshinda hivyo akiwa na wajukuu. Lakini Uganda, umbali wa safari ya siku moja kutoka Aru, Makerere ina mtihani maalumu kwa watu wazima. Hupima kama mtu aweza kusoma chuoni, haimwulizi kwa nini hakumaliza sekondari mwaka fulani. Katika Ituri swali hilo la kwa nini lina jibu moja kwa watu maelfu. Shule zilichomwa. Kijana aliyekuwa na miaka kumi na mitano mwaka 1999, vita vilipowaka, leo amepita arobaini. Kumdai cheti cha miaka ile ni kumdai cheti cha nyumba iliyoungua.

Kuna jambo moja jipya linalotupa matumaini, na lingine linalotutia wasiwasi, nayo yote mawili yatoka mahali pamoja. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 Serikali imeanza kuleta mpango mpya katika vyuo vikuu: miaka mitatu ya lisansi, miwili ya masta, mitatu ya doktora, na masomo kuhesabiwa kwa kredi. Uzuri wake ni kwamba kredi uliyoipata ni yako. Ukikimbia vita mwezi wa tatu, ukirudi hupaswi kuanza mwaka wote upya. Hata chuo kingine chaweza kuipokea, walao kadiri ya sheria. Kwa mtu wa Djugu au Irumu neno hilo si dogo. Wasiwasi ni huu: kredi huhesabu pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi mwenyewe nje ya darasa. Muuguzi aliyelala zamu ya usiku atazitoa wapi saa hizo? Kama chuo hakikupunguza masomo kwa mwaka ili kumwongezea miaka, basi saa zile zitaandikwa tu katika karatasi, nasi tutakuwa tumerudi kwenye uwongo uleule wa kibanda cha kupiga chapa.

Tusisahau njia ya kurudi nyumbani. Tangu utawala wa kijeshi uwekwe katika mkoa wetu mwezi Mei 2021, kila mtu hapa amejifunza kuitazama saa. Masomo yanayoisha saa mbili za usiku ni masomo ya wanaume wenye pikipiki. Tulipoanza darasa letu, akina mama walikuwa karibu nusu. Mwisho wa mwaka walibaki wawili, nao walikaa jirani na chuo. Ofisi iliandika kwamba wengine "wameacha". Sisi twasema waliachwa. Darasa la Jumamosi asubuhi lingewabakiza, lakini tulipoliomba tuliambiwa kwamba Jumamosi mwalimu ana chuo kingine.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristu la mwaka 1965, ulisema kwamba nyakati hizi zimefanya elimu ya watu wazima iwe rahisi zaidi na ya lazima zaidi. Ya lazima, twaona. Rahisi, bado.

Basi mama yule tulimjibuje? Hatukumkataza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye yu tayari kuinama. Tena kituo chake chamhitaji. Tulimwambia asiuze ng'ombe kwanza. Aende ofisi ya chuo akiwa na maswali manne. Walimu wangapi wanalala Bunia? Mafunzo ya kazi hospitalini yatafanyika wapi, na nani atamsimamia? Nikikosa majuma mawili kwa sababu ya vita au ugonjwa, nitapoteza nini? Na wale waliomaliza mwaka jana, wako wapi, naweza kusema na wawili kati yao?

Alikwenda Jumatano. Karani alimpokea vizuri, akampa kiti. Juu ya mafunzo hospitalini alijibiwa kwa ukamilifu, na jibu lilikuwa jema. Juu ya waliomaliza mwaka jana alipewa namba za simu mbili. Moja haipatikani, ya pili ni ya muuguzi wa Komanda ambaye alisema naye nusu saa. Juu ya walimu, karani alicheka kidogo, akasema, "Mama, hilo uulize uwanja wa ndege."

Ng'ombe bado yuko malishoni. Dominika ijayo mama atakwenda Komanda kumwona yule muuguzi kwa macho, kama barabara itakuwa salama.